Gari la moshi na undugu wetu

Mu kitabu hiki wengine wameandika juu ya ndoa, juu ya kilio na juu ya majina ya wazee. Sisi tumechagua kuandika juu ya treni. Pengine msomaji atauliza: treni ni desturi ya nani? Si iliingia na Wazungu? Ni kweli. Lakini mu jamaa nyingi za Lubumbashi, za Likasi na za Kamina, zile desturi zote zilipita mu gari la moshi kwa muda mrefu. Na treni ilipoharibika, nazo ziliumia.

Tukumbuke kwanza historia. Reli ilifika Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mwezi wa 9 mwaka wa 1910, ikitokea Rodezia na kupitia Sakania. Mwaka wa 1918 ikafika Bukama, ku mto Lualaba. Kampani ya BCK, iliyoundwa mwaka wa 1906, ikaendelea na kazi mpaka Ilebo (Port-Francqui), na mwaka wa 1928 mfalme Albert alifika kwa sherehe ya kuifungua. Kutoka Lubumbashi mpaka Ilebo ni karibu kilometa 1 600. Pale msafiri alishuka, akapanda mashua ya kwenda Kinshasa. Upande wa Tanganyika, kampani ya CFL ilikuwa imekwisha kuunganisha Kabalo na Kalemie tangu 1915, lakini njia kati ya Kamina na Kabalo ilifunguliwa tu mwaka wa 1956.

Tusijidanganye: reli haikujengwa juu yetu. Ilijengwa juu ya shaba. Ilileta pia mikono ya kuchimba hiyo shaba, na ndivyo wazee wetu wengi walivyotoka Kasai na Lomami kuja mu makambi ya kazi. Walisafiri mu daraja la mwisho, na vyumba vizuri vilikuwa vya Wazungu. Kwa hiyo mtu anayesema tu «zamani za Wabeleji treni ilikuwa nzuri» anasahau kuuliza: nzuri kwa nani?

Lakini kitu kilichojengwa kwa faida ya mwingine, watu wetu walikigeuza kikawa chao. Kisha uhuru, mlango wa vyumba vya vitanda ukafunguka kwa yeyote mwenye tiketi. Mwalimu, karani, mama mchuuzi, wote waliweza kulala mu kusheti na kula ku wago ya restora. Wakati wa KDL, na hata wakati wa SNCZ iliyoundwa mwaka wa 1974, safari ya treni ilikuwa safari ya heshima. Watu walivaa vizuri mbele ya kupanda.

Na ile raha haikuwa anasa tu. Mzee wa miaka sabini hawezi kukaa siku nyingi juu ya mizigo, lakini akipata kitanda, atafika. Ndiyo maana nkambo aliweza kutoka Mwene-Ditu kuja kubariki ndoa ya mjukuu wake Lubumbashi. Wajomba walifika na mali ikapokelewa mbele yao. Mu kilio, mwili uliweza kungojewa siku moja ao mbili, juu watu walijua treni itaingia siku gani. Watoto walipelekwa ku vakansi kwa wazee, wakarudi na luga ya nyumbani mu kinywa. Ku gare ya Bukama watu walinunua samaki, Kaniama mahindi, na hakuna aliyeshuka bila zawadi. Undugu unaomba kufika, na kufika ku siku yake.

Namna gani vyote vilianguka? Haikuwa siku moja. Vita vya Angola vilifunga njia ya Lobito tangu 1975, na kampani ikapoteza mlango wake wa bahari. Lakini pigo kubwa lilitoka mu shaba yenyewe. Gécamines ilitoa karibu tani 470 000 mwaka wa 1986. Mwaka wa 1994 haikufikisha hata 50 000. Reli iliishi kwa kubeba shaba. Shaba ilipopunguka, feza ya vipuri, ya traverse na ya mishahara ikapunguka pia. Wago zilivunjika vioo, taa na maji vikakosa, vitanda vikatoka. Wafanyakazi wakaendelea na kazi miezi na miezi bila mshahara, na tusisahau kuwashukuru.

Kisha kukaja jambo ambalo ni vigumu kuliandika. Mwaka wa 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mu Katanga. Maelfu walilala ku gare ya Likasi na ya Lubumbashi, mu mvua na mu magonjwa, wakingojea treni ya kuwapeleka mahali wengine hawajaona hata siku moja. Wengi walikufa pale na mu njia. Reli iliyoleta wazee ilirudisha wajukuu kwa nguvu. Mu jamaa zilizochanganyika, mume alibaki huku, bibi akaenda kule.

Vita vya 1998 vilikata njia ya Kabalo na Kindu. Kisha amani, treni ya abiria ikawa ya kubahatisha: hakuna anayejua itatoka lini, na safari inaweza kumaliza wiki na zaidi. Watu wakazoea kupanda treni ya mizigo, hata juu ya paa. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 2007, karibu na Kakenge mu Kasai, treni ya namna ile ilianguka na karibu watu mia moja wakafa. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye kilio, wenye ndoa, wenye biashara ndogo, na hawakuwa na njia ingine.

Leo mali ya ndoa inatumwa kwa telefone, na kilio kinafanywa bila wajomba. Hatusemi ni vibaya. Mtu anafanya anavyoweza. Lakini mtoto asiyemjua nkambo wake atarizi nini?

Tangu 2010, mradi uliosaidiwa na Banki ya Dunia ulileta mashini mpya. Siku hizi watu wanaongea sana juu ya njia ya Lobito itakayobeba shaba na kobalti. Tunafurahi. Lakini ni wimbo ule ule wa 1910: shaba kwanza. Wakubwa wakikaa kuhesabu tani, sisi tunaomba mtu mmoja aulize: wago za abiria ni ngapi, na mzee wetu atalala wapi?

Wakati tunangojea jibu, ndugu msomaji, uliza wazee wa nyumbani kwako walipanda treni wapi, na nani aliwapokea ku gare. Andika majina yale. Ni ukoo wako.