Lenzi ya Plastiki na Sala ya Mgonjwa wa Macho

Mwenye kupita Darajani hukuta miwani ya kusomea ikiuzwa, na nyingi ya miwani hiyo "kioo" chake si kioo bali ni plastiki angavu. Wazee wetu huijaribu mmoja mmoja, wakitafuta itakayowarudishia herufi za Msahafu. Tatizo likiwa ni umri tu, huipata. Lakini likiwa ni mtoto wa jicho, miwani haifai kitu, kwani ukungu umo ndani, katika lenzi aliyoumbwa nayo mtu. Akiambiwa akapasuliwe, huuliza: na Sala yangu?

Suali hili ni la kale. Imepokewa kuwa Ibn Abbas (R.A.) alipopofuka aliambiwa atatibika akikubali kusali siku kadhaa hali amelala chali. Akaichelea Sala yake, akaiacha tiba. Mafakihi wa Kishafi wakakhitilafiana, na Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) katika Al-Majmuu akaeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu, akisema hivyo tabibu muaminifu.

Tiba ya zama hizo ilikuwa kuisukuma lenzi chini kwa sindano. Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri kiasi cha mwaka 1000 Miladia, aliandika juu ya sindano yenye tundu ya kuufyonza ukungu. Kazi kubwa hiyo! Hata hivyo jicho lilibaki bila lenzi, na karne nyingi baadaye wagonjwa walikuwa bado wakivalishwa miwani minene mno.

Badiliko lilitokana na vita. Madirisha ya ndege za Uingereza yalikuwa ya plastiki iitwayo akriliki, na yalipovunjika, vipande viliingia machoni mwa marubani. Tabibu Harold Ridley akaona kuwa jicho halikuvikataa. Tarehe 29 Novemba 1949, mjini London, akatia jichoni lenzi ya plastiki hiyo. Matabibu wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi. Leo lenzi ngumu ya akriliki, yenye upana wa karibu milimita 6, ingali inatumika sana katika nchi zetu kwa unafuu wake. Nyengine laini hukunjwa zipite katika tundu dogo zaidi.

Basi lile sharti la kulala chali siku nyingi limeondoka. Mgonjwa kwa kawaida hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili. Plastiki hiyo ni tohara, na ndani ya jicho si pahala pa kuoshwa katika udhu wala janaba.

Yabakia mambo mawili ambayo maimamu wataulizwa. Tabibu akimkataza kuinama, atasimama na kuashiria rukuu na sijda, wala halipi. Akimkataza maji jichoni, ataosha sehemu nzima ya uso na kutayamamu kwa iliyobaki. Ikiwepo bendeji, ataipangusa pia kwa maji. Na kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu, bendeji iliyo usoni, kwa kuwa uso ni kiungo cha tayamamu, humlazimu kuzirudia Sala hizo. Bendeji ya jicho aghalabu hutolewa siku ya pili, kwa hivyo Sala zenyewe ni za siku moja.