Wachukuzi wa Kariakoo na Somo la Kumbeba Majeruhi

Asubuhi, Mtaa wa Tandamti haupitiki kwa adabu. Kuli aliyejitwisha belo la mitumba haombi njia, anaitangaza: "Pisha! Pisha!" Watu wanabana ukutani, naye anapita kwa hatua fupi za haraka, shingo imekaza, magoti yamekunjwa kidogo. Ufundi huo hakuupata darasani. Mtu akigongwa na pikipiki hapo, au akiporomoka kutoka kwenye ghorofa linalojengwa, mara nyingi kuli huyohuyo ndiye anayeitwa kusaidia kumbeba. Humbeba kama anavyojua kubeba: juu juu, haraka, hadi kwenye bajaji ya kwanza iliyosimama.

Kariakoo yenyewe ilipata jina kwa kazi ya kubeba. Waingereza waliiteka Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na eneo ambalo Wajerumani walikuwa wameanza kulipanga kuwa makazi ya Waafrika likageuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo walivyoweza: Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao, yenye asili ileile.

Upagazi haukuanza na vita. Mtaa wa Nyamwezi, hatua chache kutoka sokoni, unataja watu waliokuwa mabingwa wa misafara ya bara na pwani zaidi ya nusu karne kabla ya mzinga wa kwanza kulia. Ila mpagazi wa msafara alipatana ujira na aliweza kugoma. Mpagazi wa vita aliburutwa. Upande wa Waingereza peke yao ulichukua takriban watu milioni moja katika kampeni ya Afrika Mashariki, na makadirio ya wanahistoria kuhusu waliokufa yanafika karibu 100,000. Risasi iliua wachache kati yao. Wengi walimalizwa na kuhara damu, nimonia na malaria, na wengine matumbo yao yalichafuliwa na unga wa mahindi waliopewa bila muda wala kuni za kutosha kuuivisha.

Katika mizigo yao kulikuwa na mzigo mmoja unaoumwa. Neno machela lenyewe lina safari yake: Wareno walikuwa na machila, kiti au kitanda cha kuning'inia kwenye mti, ambacho watu wa Msumbiji walikibeba mabegani huku bwana mkubwa amejilaza. Kwenye vita, aliyelala humo akawa askari aliyepasuliwa paja. Mtu mmoja kwenye machela alihitaji wabebaji wanne, na safari ikiwa ndefu wanne wengine wa kupokezana. Mwanzoni mwa 1917 mvua kubwa iliifurisha Rufiji, na Oktoba mwaka huo, huko Mahiwa karibu na Lindi, upande wa Waingereza ulipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa na kujeruhiwa kwa siku nne tu. Kila majeruhi aliyeokolewa kwenye vichaka vile alitoka kwa miguu ya mtu mwingine.

Hapo ndipo jeshi lilipolazimika kukubali kwamba nguvu za mabega hazitoshi. Mwaka 1917 Uganda ikaunda kikosi cha tiba cha Waafrika, chini ya Meja G. J. Keane, kikiwachukua vijana waliosoma shule za misheni. Walifundishwa kufunga vidonda, kutunza wagonjwa na kusimamia wodi, kisha wakapelekwa kwenye hospitali za kampeni. Keane na mwenzake D. G. Tomblings waliandika kitabu kuhusu kikosi hicho, na Tomblings akaja kuwa mkuu wa Chuo cha Makerere. Kwa Afrika Mashariki, hii ni moja ya mara za kwanza mafunzo ya namna hiyo kutolewa kwa vijana wengi kwa pamoja. Lakini tazama nani alichaguliwa: aliyejua kusoma. Mbeba machela alibaki mbeba machela.

Hata ukumbusho uliendeleza mpango huo. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, inamwonyesha askari na bunduki yake. Mpagazi anatajwa kwenye maandishi ya chini. Sanamu ya Nairobi walau ilimpa mpagazi nafasi ya kusimama pamoja na askari.

Baada ya vita, Tanganyika ilirithi cheo cha dresa, mtu aliyefundishwa kwa miezi kadhaa kuosha kidonda, kufunga bendeji na kugawa dawa chache. Kuanzia miaka ya 1920 madresa wakawa uti wa mgongo wa zahanati za vijijini. Dresa alikuwa na meza, sabuni na heshima kubwa mtaani. Ila alikaa kwenye zahanati akingoja mgonjwa aletwe. Swali la nani amlete, na amleteje, halikumhusu.

Wakazi wa Kariakoo walikuwa na bahati ya ujirani. Hospitali iliyojengwa kwa fedha za tajiri Sewa Haji mwaka 1897 kwa ajili ya Waafrika na Waasia ilikuwa mjini, na mwaka 1956 hospitali mpya ya Princess Margaret ikafunguliwa Upanga, ile tunayoiita Muhimbili. Kutoka sokoni hadi hapo ni kama kilomita mbili. Chuo cha udaktari kilianza hapo mwaka 1963. Mwaka mmoja kabla, Sheria namba 71 ya 1962 ilikuwa imekiunda Chama cha Msalaba Mwekundu, na kwa miaka mingi vijana wake waliovaa vizibao kwenye mechi na mikutano ya hadhara ndio walikuwa karibu sura pekee ya huduma ya kwanza nje ya kuta za hospitali.

Kilomita mbili si kitu, mtu atasema. Akijaribu kuzipita saa kumi jioni kupitia Msimbazi, akiwa na mtu anayevuja damu mapajani, atabadili kauli. Juu ya foleni kulikuwa na hofu nyingine: PF3. Kwa miaka mingi raia waliamini, na mara nyingi walionyeshwa, kwamba majeruhi bila fomu hiyo ya polisi hatibiwi. Basi msamaria alipiga hesabu: nikimbeba nitaulizwa mimi.

Mabomu yaliyolipuliwa kwenye balozi za Marekani tarehe 7 Agosti 1998 yaliua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi. Miji yote miwili ilijiona ilivyo: waliowatoa wenzao kwenye vifusi walikuwa hasa wapita njia. Kenya wakati huo walau ilikuwa na mashirika yenye mizizi, St John tangu 1928 na AMREF tangu 1957, na baadaye mafunzo ya wahudumu wa magari ya wagonjwa yakakua huko haraka kuliko kwetu.

Tanzania ilianzia upande wa pili, ndani ya lango la hospitali. Januari 2010 Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura kwa msaada wa mfuko wa Abbott, na mwaka huohuo ukaanza mpango wa kuwasomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Chama chao kitaifa, EMAT, kikafuata 2011. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa kozi ya siku chache ya huduma za msingi za dharura, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoijaribu, pamoja na Uganda na Zambia. Kozi hiyo haianzi na jina la ugonjwa. Inaanza na mpangilio: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, halafu kumfunua mgonjwa ili jeraha lililojificha lionekane.

Hatua hizo zilistahili kusifiwa, nazo zimeokoa maisha. Lakini majeruhi wengi wa Dar es Salaam bado hufika mlangoni kwa bajaji, teksi, gari la polisi au la mpita njia. Daktari bingwa humkuta mtu ambaye shingo yake imekwisha kukunjwa mara tatu.

Njia ya kuanzia mtaani ilikwishajaribiwa mahali pengine. Mwaka 1967, mjini Pittsburgh, ambako majeruhi walibebwa na polisi, Daktari Peter Safar alishiriki kuwafundisha wanaume weusi wa mtaa wa Hill, wengi wao wakiwa hawana ajira, kwa takriban saa 300. Kikosi chao, Freedom House, kilizimwa na mji mwaka 1975, lakini mafunzo yake yaliingia kwenye mtaala wa taifa wa Marekani. Karibu na kwetu, Kampala iliwahi kuwapa polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa zaidi ya 300 mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza. Mwanza madereva wa bodaboda waliofundishwa wamekuwa wakiitwa kwenye ajali kwa ujumbe wa simu. Nao mpango wa m-mama, kwa namba 115, umeonyesha kwamba dereva wa kawaida mwenye gari lake anaweza kumfikisha mjamzito hospitalini na kulipwa kwa simu.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaporomoka katikati ya Kariakoo. Zaidi ya watu 20 walikufa na zaidi ya 80 wakatolewa wakiwa hai. Kabla ya mitambo kufika, raia waliokuwa hapo, wafanyabiashara na wabeba mizigo, walichimba kwa nyundo na mikono. Wakati wengine wanamulika taa za simu kwenye nyufa, wengine walikuwa wakipokezana vipande vya zege kwa mstari.

Kumtoa mtu chini ya zege bila kumvunja zaidi kuna utaratibu, nao unaweza kufundishwa kwa asubuhi moja juu ya mkeka. Mmoja anapiga goti kichwani, mikono miwili kando ya masikio, viwiko vimetulia. Wengine watatu wanapiga goti ubavuni: begani, nyongani, miguuni. Hakuna anayevuta mkono wa mtu. Kanga iliyokunjwa inazuia kichwa kisicheze, na nyingine, ikikazwa kwa kijiti juu kidogo ya jeraha la mguu, si kwenye jeraha lenyewe, inasimamisha damu. Kugeuza ni kwa pamoja, kama gogo, na sauti inayoongoza ni moja tu, ya aliyeshika kichwa: moja, mbili, tatu. Makuli wa Tandamti wanaijua hesabu hiyo. Ndiyo wanayotumia kuinua belo.