Wanaume Wawili Walioshindwa Kusimama

Tarehe 19 Juni 1970, chombo cha Kisovieti kilichoitwa Soyuz 9 kilitua kwenye nyika za Kazakhstan. Ndani mlikuwa na wanaume wawili, Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov. Walikuwa wamekaa angani karibu siku 18. Rekodi waliyoivunja ilikuwa ya Wamarekani wa Gemini 7, siku 14, mwaka 1965. Kwa hiyo waliokwenda kuwapokea walikwenda kupokea mashujaa. Wakakuta watu wasioweza kusimama. Ikabidi washikwe na kubebwa kama wagonjwa.

Nimesoma mambo mengi kuhusu safari za anga, na hili ndilo ninalolirudia kila mara. Watu wazima wenye afya, waliopimwa na madaktari mpaka kucha, wameshindwa na kazi ambayo mtoto wa mwaka mmoja anaiweza.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Wengi wetu tunaamini kwamba huko juu hakuna mvutano wa dunia. Upo. Kwenye kimo cha kilomita 400, ambako kituo cha kimataifa cha anga kinazunguka leo, mvutano bado ni kama asilimia 90 ya huu unaokushikilia kwenye kiti chako sasa hivi. Kinachotokea ni kwamba chombo na kila kilichomo vinaanguka pamoja, muda wote. Vinaanguka huku vikienda mbele kwa kasi ya karibu kilomita 8 kwa sekunde, na dunia nayo inapinda chini yake, kwa hiyo havifiki kamwe. Fikiria lifti iliyokatika kamba. Wewe na sakafu mnaanguka sawasawa, basi sakafu haikusukumi tena. Uzito tunaousikia kila siku ni huo msukumo wa sakafu.

Msukumo huo ukikosekana, hata mshumaa unabadilika. Hapa chini hewa ya moto ni nyepesi, hivyo inapanda na kuuvuta mwali uwe mrefu. Kule hewa ya moto haina juu ya kupandia. Mwali unakuwa mviringo, mdogo, wa rangi ya buluu. Sasa kama moto wenyewe unasahau umbo lake, mwili je?

Kabla ya safari za kwanza, kulikuwa na hofu za mambo ya msingi kabisa. Je, mtu ataweza kumeza chakula? Yuri Gagarin akapaa tarehe 12 Aprili 1961, akaizunguka dunia mara moja, akala, na baada ya dakika 108 akawa amerudi. Agosti mwaka huohuo Gherman Titov alikaa zaidi ya siku nzima. Alitapika, lakini pia alilala usingizi na akarudi mzima. Nikolayev mwenyewe alikuwa amekaa karibu siku nne mwaka 1962. Basi ikaonekana swali limejibiwa: binadamu anaweza kuishi bila uzito, tena bila shida kubwa.

Soyuz 9 iligeuza swali. Kumbe shida si kwamba mwili unakataa kuzoea kule. Shida ni kwamba unazoea haraka sana. Damu na maji ambayo hapa chini huvutwa miguuni hupanda kifuani na usoni. Uso unavimba, miguu inakonda. Mwili unaona maji yamezidi na kuanza kuyapunguza. Misuli ya mgongo na mapaja, ambayo kazi yake ni kushindana na uzito, inakosa mpinzani na kunywea. Ukikaa miezi, mifupa ya nyonga hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 kila mwezi. Kalsiamu yake inaingia kwenye damu, inapita kwenye figo, na inaweza kuacha mawe huko.

Hakuna ugonjwa hapo. Mwili una akili za mwenye duka: kitu kisichonunuliwa hakikai kwenye rafu. Halafu siku ya kurudi, wateja wote wanaingia kwa mpigo.

Wasovieti walikuwa na sababu ya kuhangaika. Mpango wao ulikuwa kujenga vituo ambako watu wangekaa miezi. Cha kwanza, Salyut 1, kilirushwa tarehe 19 Aprili 1971 kikiwa na mashine ya kukimbilia, na wanaanga wake walikuwa na suti zenye mipira inayovuta mwili ili misuli ifanye kazi. Watu watatu, Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev, walikaa humo zaidi ya wiki tatu. Tarehe 30 Juni 1971 chombo chao kilitua salama, mlango ukafunguliwa, wakakutwa wamekufa. Kabla sababu haijajulikana, ilikuwa rahisi kuogopa kwamba siku zote hizo bila uzito ndizo zilizowaua. Haikuwa hivyo. Vali ilikuwa imefunguka wakati wa kushuka, hewa yote ikatoka, na wao hawakuwa wamevaa suti za kuwakinga.

Kazi ya kuujua mwili ikaendelea, na sehemu kubwa ilifanyika hapahapa ardhini, kitandani. Watafiti waliwalaza watu wenye afya kwenye vitanda vilivyoinamishwa nyuzi 6 upande wa kichwa, ili damu ipande kama angani. Mwaka 1986 hadi 1987, jijini Moscow, kundi la wanaume lililala hivyo siku 370. Mwaka mzima na siku tano. Lengo lilikuwa kujua ni mazoezi gani na tiba gani zinaweza kuulinda mwili usiojibeba.

Hapo ndipo historia hii inaniingia nyumbani. Shosho wangu alivunjika nyonga, akalala wiki nyingi baada ya upasuaji. Kila mgeni aliyekuja na maziwa na ndizi alimwambia neno moja: pumzika. Aliyekataa alikuwa dada mmoja wa fiziotherapia, ambaye alikuja kumsimamisha na nusu ya familia ikamwona mkatili. Shosho aliposimama mara ya kwanza aliiangalia miguu yake na kuuliza, "Kwani hii ni ya nani?" Sevastyanov na Nikolayev wangemwelewa mara moja. Kitanda kina huruma, lakini kinafanya kazi ileile inayofanywa na anga: kinakuondolea uzito, na mwili unaanza kuuza samani.

Leo wanaanga kwenye kituo cha kimataifa hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku. Usidhani ni kutafuta misuli ya picha. Wanaulipa mwili kidogo kidogo ule uzito ambao dunia ingewatoza bure.

Aliyeonyesha kwamba malipo hayo yanafaa ni Valeri Polyakov, daktari. Alipaa tarehe 8 Januari 1994 kwenda kituo cha Mir na kurudi tarehe 22 Machi 1995. Siku 437, na hadi leo hakuna aliyekaa angani muda mrefu zaidi kwa safari moja. Alitaka kujua jambo moja: mtu akisafiri miezi mingi mpaka Mars, ambako hakuna kikosi cha kumbeba, ataweza kufanya kazi akifika?

Alitua Kazakhstan, nchi ileile walikobebwa Nikolayev na Sevastyanov robo karne kabla. Kiti kilikuwa kimewekwa karibu na chombo. Polyakov akatembea hatua hizo chache kwa miguu yake, akaketi.