Kupukutika

Dada yangu ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeukia mwenye mwili. Ndiyo maana mimi, mwandishi wa habari niliyeikimbia baiolojia sekondari, nikajikuta nasoma makala za maabara usiku wa manane. Nilikuwa natafuta dawa, nikakutana na neno.

Neno lenyewe ni apoptosisi. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie waliandika kuhusu seli zinazojifia zenyewe kwa utaratibu, bila kuvimba wala kupasuka. Jina walilipata kwa profesa wa Kigiriki wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, James Cormack: neno la majani yanayoanguka mtini. Sisi tunalo letu, kupukutika, na sioni kwa nini tunaliacha limelala.

Ila jina halikueleza seli inaambiwaje kwamba zamu yake imeisha. Jibu lilikuja kupitia kingamwili, protini ya kinga inayong'ang'ania kitu kimoja tu. Mwaka 1975, kule Cambridge, Köhler na Milstein waliunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani, wakapata kiwanda kisichochoka cha kingamwili za aina moja. Tangu hapo zikawa tochi ya maabara: unaibandika kwenye seli, unaona kilichopo.

Mwaka 1989 ikaonekana tochi nyingine zinaua. Yonehara huko Japani, na timu ya Peter Krammer huko Heidelberg, kila mmoja kivyake, walitangaza kingamwili ambayo ikishika seli ya binadamu, seli inakufa. Yonehara alikiita kilichoshikwa Fas, Krammer akakiita APO-1. Kumbe ni kitu kimoja! Kitufe cha kifo, kiko nje kabisa ya seli.

Timu ya Krammer iliwadunga panya waliopandikizwa uvimbe wa saratani ya binadamu, uvimbe ukanywea. Fikiria matumaini yaliyokuwepo. Lakini kingamwili ile ilishika kitufe cha binadamu tu, cha panya haikukigusa. Mwaka 1993 kundi la Nagata, Osaka, likawadunga panya kingamwili ya kitufe chao wenyewe. Ini likaharibika, wakafa ndani ya saa chache. Yaani panya wa kwanza walipona kwa sababu dawa haikuwatambua.

Mwaka mmoja kabla, kundi hilohilo lilikuwa limeonyesha kwamba panya fulani wanaougua ugonjwa unaofanana na lupasi wana kitufe kibovu: seli zao za kinga haziondoki zamu ikiisha. Mwaka 1995 kasoro ya aina hiyo ikapatikana kwa watoto wenye tezi zilizovimba.

Nilimsimulia dada haya yote akimenya viazi. Akaniuliza, "Kwa hiyo zangu hazipukutiki?"

Nikamwambia lupasi ya watu wengi haitokani na kitufe hicho kimoja, ina mambo mengi. Akanitazama, akaendelea na viazi.