Siku mbili nyumbani, siku tatu ofisini: kampuni hunufaika vipi na kazi mseto?

Kigali ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, barabara nyingi za mji huo zilifungwa na watumishi wa umma wakaagizwa kufanyia kazi majumbani, isipokuwa wale wa huduma za lazima. Haikuwa mara ya kwanza kwa Rwanda kulegeza masharti ya ofisi. Tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi nchini humo ni saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na katika saa moja inayotangulia, kati ya saa mbili na saa tatu, mtumishi anaruhusiwa kufanya kazi akiwa mahali popote. Nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta alizitaka ofisi za serikali na kampuni ziwaruhusu wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani tarehe 15 Machi 2020, siku mbili tu baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza wa virusi vya korona.

Ugonjwa ulipopungua na barabara zilipofunguliwa, watu walirudi ofisini. Hata hivyo, si wote waliorudi kwa siku zote tano za juma. Kampuni kadhaa za teknolojia, mashirika ya kimataifa na baadhi ya mabenki ya Nairobi, Kigali na Dar es Salaam yamebaki na utaratibu wa kati, ambapo mfanyakazi hufika ofisini siku kadhaa na siku nyingine hufanyia kazi nyumbani. Utaratibu huo ndio unaoitwa kazi mseto. Swali linalowakabili wakurugenzi ni kama mpango huo ni fadhila wanayowapa wafanyakazi, inayoweza kuondolewa wakati wowote, au ni jambo lenye faida kwa kampuni yenyewe.

Jibu lenye uzito zaidi hadi sasa limetoka China. Mwaka 2021 kampuni ya kuuza tiketi za ndege na vyumba vya hoteli ya Trip.com, ambayo wakati huo ilikuwa na makao makuu Shanghai, ilifanya jaribio la miezi sita lililohusisha wafanyakazi 1,612 wenye elimu ya chuo kikuu, wakiwamo wahandisi wa kompyuta, watu wa masoko na wahasibu. Waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa. Waliozaliwa tarehe za witiri waliruhusiwa kufanyia kazi nyumbani Jumatano na Ijumaa. Waliozaliwa tarehe za shufwa waliendelea kufika ofisini siku zote tano. Mgawanyo huo wa bahati nasibu ndio unaolipa jaribio hilo thamani. Mtu anapojichagulia mwenyewe kubaki nyumbani, ni vigumu kujua kama matokeo yanatokana na nyumba au na tabia yake. Tarehe ya kuzaliwa haijui nani ni mchapakazi na nani ni mvivu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida la kisayansi la Nature na watafiti watatu: Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, Ruobing Han, na James Liang, ambaye ni mwanzilishi mwenza na mwenyekiti wa kampuni hiyo. Katika kundi la ofisini, asilimia 7.2 ya wafanyakazi waliacha kazi katika kipindi cha jaribio. Katika kundi la mseto waliacha asilimia 4.8, pungufu kwa theluthi moja. Nafuu hiyo ilionekana hasa kwa wanawake, kwa wasio mameneja na kwa wale wanaosafiri mwendo mrefu kufika kazini. Tathmini za utendaji na upandishaji vyeo zilifuatiliwa kwa miaka miwili, na hazikuonyesha tofauti yoyote kati ya makundi hayo mawili.

Hapo ndipo penye hoja ambayo mara nyingi hupotoshwa na wanaopigia debe utaratibu huu. Jaribio hilo halikuonyesha kwamba mfanyakazi wa mseto huzalisha zaidi. Lilionyesha kwamba hazalishi pungufu, na kwamba haondoki. Kwa kampuni, hilo la pili lina bei. Trip.com ilikadiria kwamba kila mfanyakazi anayeacha kazi huigharimu takriban dola 20,000 za kutafuta na kufundisha mrithi wake. Mameneja nao walibadili mawazo: kabla ya jaribio walitarajia, kwa wastani, kwamba tija ingeshuka kwa asilimia 2.6, baada yake walisema imepanda kwa asilimia 1. Kampuni iliueneza utaratibu huo kwa wafanyakazi wake wengine.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba kampuni hiyohiyo, wakati huo ikiitwa Ctrip, iliwahi kujaribu njia kali zaidi. Mwishoni mwa 2010 wafanyakazi wa kupokea simu waliojitolea waliruhusiwa kubaki nyumbani siku nne kati ya tano. Katika miezi tisa utendaji wao ulipanda kwa asilimia 13, sehemu kubwa kwa sababu walipumzika mara chache zaidi na kuugua siku chache zaidi. Lakini waliokuwa nyumbani hawakupandishwa vyeo kwa kiwango ambacho utendaji wao ulistahili, na wengi walilalamikia upweke. Walipopewa nafasi ya kuchagua upya, takriban nusu yao waliomba kurudi ofisini. Kupokea simu ni kazi ya mtu mmoja na kifaa chake. Ikiwa hata wao waliikosa ofisi, kazi zinazohitaji mashauriano huikosa zaidi.

Uchunguzi uliofanywa na watafiti wa kampuni ya Microsoft kuhusu wafanyakazi wake zaidi ya 61,000 nchini Marekani, katika nusu ya kwanza ya 2020, unaeleza sababu mojawapo. Kila mtu alipohamia nyumbani, watu walizidi kuwasiliana na wale waliokuwa karibu nao kikazi tangu mwanzo, na nyuzi zinazounganisha idara moja na nyingine zikapungua. Anayeumia zaidi ni mwajiriwa mpya. Mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi anajua amuulize nani. Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita hujifunza kwa kumsikia mkuu wake akizungumza na mteja, na kwa swali dogo linaloulizwa kando ya meza, ambalo asingethubutu kumwandikia mtu barua pepe.

Kwa miji ya nchi jirani, faida iliyo dhahiri zaidi ni safari. Nairobi ilifungua barabara ya kulipia ya kilomita 27 mwaka 2022, kutoka Mlolongo hadi Westlands, lakini anayetegemea matatu kutoka mitaa ya pembezoni bado huamka gizani na kurudi gizani, na siku ya mvua nauli hupanda. Dar es Salaam ina mabasi ya mwendokasi tangu 2016, na foleni bado haijaisha. Hapa Uganda hakuna mkazi wa Kampala anayehitaji kuelezwa jambo hili. Kumpunguzia mtu safari mbili kwa juma ni sawa na kumwongezea kipato bila kugusa orodha ya mishahara, na mwajiri anayefanya hivyo humpata na kumbakisha mtu ambaye mshindani angemchukua kwa nyongeza ndogo.

Faida ya kupunguza kodi ya jengo, ambayo hutajwa sana, inahitaji tahadhari. Kampuni ikipanga kila mtu afike siku zilezile ili timu zikutane, meza zote zitahitajika siku hizo, na jengo haliwezi kupunguzwa hata chumba kimoja. Ikiwagawa kwa zamu ili ipunguze nafasi, watu watafika ofisini na kukuta wenzao hawapo, kisha watakaa wakizungumza nao kwa video, jambo ambalo wangelifanya nyumbani bila nauli. Mkurugenzi huchagua moja kati ya hayo mawili.

Kisha kuna gharama ambayo haipotei, bali huhama. Wafanyakazi wa Shanghai waliokubaliwa katika jaribio la 2010 walitakiwa wawe na chumba cha peke yao cha kufanyia kazi na intaneti ya uhakika. Masharti hayo mawili yangewaacha nje vijana wengi wa ofisi za Afrika Mashariki, wanaoishi katika chumba kimoja cha kupanga au pamoja na ndugu na watoto wao. Intaneti nayo ina siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya mawasiliano iliyopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika, na mtandao ukadorora kutoka Kenya na Tanzania hadi Uganda na Rwanda. Mnamo Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na hata uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukaingia gizani. Ofisi kubwa huwa na jenereta. Chumba cha kupanga hakina. Uganda hutoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti tangu Julai 2021, na mfanyakazi anayenunua bando kwa fedha zake ili ahudhurie mkutano wa kampuni anamlipia mwajiri ushuru huo.

Suala la siri za wateja nalo halikwepeki. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Kompyuta ya kazi inayotumiwa na watoto jioni, au inayoibwa ndani ya bodaboda njiani, huiweka kampuni hatarini mbele ya sheria hizo, hata kama aliyezembea ni mtu mmoja.

Na si kila mtu katika kampuni anaweza kuubeba mpango huu. Mlinzi, dereva, mfanya usafi na karani wa dirishani benki watafika kila siku, na mara nyingi ndio wenye safari ndefu na mshahara mdogo. Waajiri waliolifikiria hilo huwapa watu hao zamu zinazokwepa saa za msongamano, au fedha za nauli.

Kwa sababu hizo, kampuni inayoanza hufaidika zaidi ikiandika makubaliano kabla ya siku ya kwanza ya kubaki nyumbani: siku zipi za ofisini ni za wote, saa ngapi mfanyakazi anaweza kuzima simu bila kuulizwa, nani analipia data na umeme, kompyuta ikiibwa nani anaarifiwa kwanza, na kazi itapimwa kwa kipimo gani. Trip.com ilitaja Jumatano na Ijumaa kwa majina, kwa kila timu, na hakuna aliyelazimika kumuomba mkuu wake ruhusa kila juma.