Catskill Game Farm

Catskill Game Farm ilikuwa bustani ya wanyama ya binafsi katika mji mdogo wa Catskill, Kaunti ya Greene, jimbo la New York, Marekani. Ilianzishwa mwaka 1933 na Roland Lindemann, mhamiaji kutoka Ujerumani, ikafungwa Oktoba 2006.

Wageni wengi waliikumbuka kwa eneo la kulishia wanyama. Mtoto alipewa biskuti ngumu au chupa ya maziwa, na kabla hajajiweka sawa mbuzi na kulungu walikuwa wameshamzingira, wakimvuta nguo. Lakini sifa yake kwa wataalamu ilitokana na jambo lingine: Lindemann alipenda sana wanyama wenye kwato. Mwaka 1958 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliitambua rasmi kuwa bustani ya wanyama, na hivyo ikaweza kuagiza spishi adimu kutoka ng'ambo. Miongoni mwa waliozalishwa hapo ni farasi wa Przewalski, wakati ambapo huko Mongolia walikuwa wametoweka porini.

Baada ya miaka 73 watazamaji walipungua, na familia ikaamua kufunga. Wanyama walipigwa mnada pamoja na vifaa, hatua iliyozua malalamiko, kwani watetezi wa wanyama walihofia baadhi yao wangeishia kwenye mashamba ya uwindaji. Makundi ya uokoaji yaliwanunua kadhaa. Mwaka 2012 eneo lilipata wamiliki wapya, ambao baadaye waligeuza banda la twiga kuwa nyumba ya wageni.