Shimo la Bibi, Kadi ya Kliniki na Viti vya Maboksi

Kwanza niondoe utata: naandika kuhusu Kasulo ya Ngara, mkoani Kagera, si Kasulu ya Kigoma ambako barua zetu nyingi zilipotelea. Kasulo yetu watu wanaifahamu kwa Benaco, na Benaco wanaifahamu kwa kambi ya wakimbizi ya mwaka 1994. Siku hizi pale njia panda malori ya Kigali na ya Bujumbura huegesha usiku kucha, mama lishe wanauza wali maharage, na kijana wa miaka ishirini hajui amekanyaga wapi. Historia ya kambi imeandikwa na wengi. Mimi nataka kueleza jambo ambalo sijaona aliyeliandika: mtoto wa huku aliyechelewa kukaa, kusimama au kusema aliangaliwa na nani, tangu enzi za bibi zetu mpaka leo.

Wa kwanza kumwona alikuwa bibi yake. Mama mzazi yuko shambani na mtoto mgongoni, haoni shingo inavyolala. Anayeiona ni yule anayebaki kumwogesha. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mkunga, na mtoto aliyekaribia mwaka bila kukaa alimchimbia shimo kando ya jiko, akalitandika majani makavu ya mgomba na kitambaa chakavu, akamtia humo hadi kiunoni. Mikono inabaki huru. Mbele yake anawekewa kibuyu na vibunzi vya mahindi, apige apendavyo huku bibi anamenya ndizi na kumsemesha. Kila siku kidogo, kwa majuma. Miaka mingi baadaye nilifanya kazi na wataalamu wa viungo kutoka Ulaya waliokuja na fremu ya mbao ya kumsimamishia mtoto. Nilicheka nilipoiona, maana kazi yake ni ileile ya shimo, ila shimo haliliwi na mchwa.

Hata hivyo sitaki kumpamba bibi kupita kiasi. Shimo lilimsaidia mtoto aliyedhoofishwa na njaa au na homa za mfululizo. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, ambaye miguu imekakamaa kama mkasi na shingo haijapata nguvu, lilikuwa mateso, na bibi alipoona halimsaidii alikuwa hana la pili. Hapo ndipo chale zilipoanza, na maneno juu ya mama: alitembea wapi akiwa mjamzito, nani anamwonea wivu. Mtoto anahamishiwa chumba cha ndani. Mgeni akija, mlango unarudishwa. Nimeingia vyumba hivyo, najua harufu yake.

Kliniki ilitufikia miaka ya 1970. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikuwa imewakusanya watu kwenye redio, huduma za mama na mtoto zikaunganishwa mwaka 1974, mpango wa taifa wa chanjo ukafuata mwaka 1975. Mtoto akapata kadi, na mzani wa kuning'iniza ukafungwa kwenye tawi la mti. Asili ya kadi ile ni Ilesha, Nigeria, ambako daktari Mwingereza David Morley alibuni chati ya kumfuatilia mtoto kwa uzito na umri. Yetu ilikuwa na rangi tatu, kijani, kijivu na nyekundu, na mama asiyejua kusoma aliielewa vizuri tu. Imeokoa watoto wengi, sina ugomvi nayo kwa hilo. Ugomvi wangu ni kwamba iliuliza kilo na haikuuliza mtoto anafanya nini. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayenyonya vizuri anaweza kukaa kwenye kijani miezi mingi. Mama anasema, "Sista, huyu shingo yake bado." Anajibiwa, "Uzito mzuri, atakua tu." Jibu hilo nimelisikia kwenye zahanati zaidi ya moja, kwa masikio yangu.

Watoto waliojulikana na wote walikuwa wa polio, kwa sababu walitambaa hadharani, sokoni na kanisani. Hospitali za misheni za Murgwanza na Rulenge ziliwapokea wagonjwa wetu wa kila aina, na kwa matatizo makubwa zaidi ilikuwa Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Lakini hesabu safari yenyewe: Nyakahura, Nyakanazi, Geita, halafu foleni ya kivuko cha Busisi, mtoto mzito mgongoni, baba amebaki na wengine. Ng'ambo ya mto Kagera, Wanyarwanda walikuwa na Gatagara, kituo kilichoanzishwa mwaka 1960 na padri Joseph Fraipont Ndagijimana, Mbelgiji aliyejigeuza Mnyarwanda mpaka kwa jina, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, hasa wa polio. Kwa hiyo wenzetu wa ng'ambo walikuwa wamezoea kuona mtoto akifungwa vyuma vya miguu wakati sisi bado tunabishana ni nani aliyemroga.

Ndipo ukaja usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Aprili 1994. Watu wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa takribani saa 24, wakamwagika kwenye vilima vyetu. Benaco ikawa mji, zikafuata Lumasi, Musuhura na nyingine, wageni wakatuzidi wenyeji wa wilaya nzima kwa idadi. Mashirika yakaanza kutafuta vijana wa huku, kwani Kihangaza na Kinyarwanda wasemaji wake wanasikilizana. Nikaajiriwa na shirika moja kama mtembeleaji wa majumbani. Kazi: kuingia kwenye vibanda vya shitingi, kimoja baada ya kingine, na kuuliza kama kuna mtoto asiyekaa, asiyetembea, asiyesikia.

Walikuwepo wengi kuliko nilivyodhani mwanadamu anaweza kuficha kwenye kibanda cha hatua nne. Wengine walizaliwa njiani na kuchelewa kulia. Wengine walipona malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo, wakarudi nyumbani hai lakini hawasikii, au upande mmoja umelala. Mtaalamu aliyetufundisha alikuwa mkali na mwenye mikono mipole. Alitufundisha kutomvuta mtoto aliyekakamaa kwa nguvu: mkunje kwanza magoti na nyonga, ukakamavu utalegea wenyewe. Usimlishe akiwa amelala chali, uji utaingia kifuani. Mbebe amepanua miguu kiunoni mwako, si amenyooka kama kuni. Zungumza naye hata kama hajibu. Mambo haya hayakuhitaji umeme wala dawa, na ndiyo maana yalitushangaza: kwa nini hatukuambiwa tangu zamani?

Viti tulivitengeneza wenyewe. Maboksi ya msaada yalikuwa tele. Tuliyabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga uliopikwa, tukayakandamiza chini ya mawe, tukayakata kuwa kiti cha kona chenye meza mbele. Ufundi huo ulikuzwa Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer, ukasambaa Afrika nzima. Kiti kikikauka vizuri mtu mzima anakikalia. Adui yake ni mvua, na Ngara mvua tunayo.

Sasa nieleze lililoniuma. Mama wa kijiji cha jirani, Mtanzania, alimbeba mwanawe mpaka ndani ya kambi ya wakimbizi ili apate mazoezi ya viungo. Alipanga foleni na wageni kwenye ardhi ya babu yake. Hakufukuzwa, na hakuwa peke yake. Lakini nilijiuliza wakati ule, na bado najiuliza, huduma gani hii inayotaka vita vya watu wengine ndipo ifike kwetu?

Tarehe 6 Desemba 1996 likatoka tangazo kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Kambi zikahamwa kwa siku chache. Niliwaona akina mama wakielekea Rusumo mtoto mgongoni, kiti cha boksi kichwani. Wengine waliacha godoro na sufuria, kiti hawakukiacha. Mashirika yakafunga ofisi au yakahamia kambi ya Lukole ya Warundi, nayo ikafungwa mwaka 2008. Huku Kasulo yakabaki tuliyoyashika vichwani. Mwezi mzima baadaye mama wa kijijini alifika nyumbani kwangu na mwanawe, akauliza mazoezi yanafanyika wapi siku hizi. Nikamwambia, hapa hapa kwenye mkeka, shemeji, ingia.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya karatasi, na karatasi nzuri. Sera ya taifa ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2004, Sheria ya Mtoto ya 2009, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Mwaka 2021 ukazinduliwa mpango wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, wenye jina refu lililofupishwa kuwa PJT-MMMAM, unaosema kwamba lishe peke yake haitoshi, mtoto achezeshwe, asemeshwe, na aliyechelewa atambuliwe mapema. Bibi angeuelewa mpango huo kuliko wengi wanaousoma kwenye semina. Januari 2024 serikali ikazindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wawili kila kitongoji, mwanamke na mwanamume. Na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa kile kivuko, kwa hiyo Bugando imesogea.

Polio karibu imekwisha kwa kizazi hiki. Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa kirusi cha asili cha polio mwaka 1996. Mtindio wa ubongo haukuisha, usonji haukuisha, na watoto hawa hawatambai sokoni, kwa hiyo ni rahisi kuwasahau. Kwa maoni yangu hao wahudumu wawili wa kitongoji ndio urithi wa kweli wa kazi tuliyoifanya Benaco, ikiwa watafundishwa kuuliza swali ambalo kadi haikuuliza. Wakipewa daftari la vyandarua na vyoo tu, tutakuwa tumerudi kwenye mzani wa mtini. Madiwani wa Ngara, na nyinyi jirani zetu wa Biharamulo, fungu la mafunzo hayo liwekeni kwenye bajeti.

Nawe mzazi, usingoje bajeti. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kufuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani: karibu wote walikaa bila kushikiliwa kufikia miezi 9 na siku chache, na karibu wote walitembea wenyewe kabla ya mwaka na nusu. Wako akipitisha muda huo, au asipogeuka unapomwita, mpeleke kliniki wiki hiyohiyo, na ukijibiwa kwamba atakua tu, usiondoke kwenye benchi mpaka aitwe mwingine wa kumwangalia.